Hodhi la Kivuko cha Sita

Baba yangu hajafa. Kitabu kimesema hivyo, na katika bonde hili kitabu ndicho kinachoamua nani anapumua na nani hapumui. Kwa mujibu wa kitabu baba yuko njiani, amebeba, anapanda, na amekuwa akipanda kwa miaka kumi na mmoja. Kila mwaka, mvua za kwanza zikianza, barua inafika nyumbani: Mpagazi Anaeli aripoti kazini. Mama huipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga, halafu huiweka juu ya kabati pamoja na zile nyingine. Hajakaa matanga. Ni nani angekuja kukaa naye? Majirani wote hula kwa bonde. Kukaa matanga ya mtu ambaye ofisi inasema yu hai ni kumwombea kifo, walisema, wakapita mbele ya mlango wetu wakitazama upande mwingine. Kwa hiyo mama si mjane na si mke. Ana kanga nyeusi kwenye sanduku ambayo hajawahi kuivaa, na kila mwaka huitoa, huifua, huianika, huikunja.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku ile mama aliponishika mkono tukaenda kuuliza kwenye ofisi ya lango la bonde. Karani alifungua nakala ya kitabu cha kibanda cha wageni kilicho kule juu, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma bila kuinua kichwa: "Mvua. Hodhi limefika. Hakuna hasara." Mama akauliza, na mume wangu? Karani akasoma tena, taratibu, kama mtu anayemsomea kiziwi. Hakuna hasara.

Maneno mawili. Nimeishi ndani yake kama wengine wanavyoishi ndani ya nyumba. Nimejifunza kuandika mashairi peke yangu, usiku na mchana, kwa kalamu za kuokota, ili nipate maneno mawili mengine yenye uzito wa kuyavunja hayo, na sijayapata. Mtu ni nini basi, ikiwa mstari mmoja wa wino unaweza kumzuia asife? Na nani aliyempa yule mwenye wino mamlaka juu ya mfu wetu? Wanatawala pumzi zetu, sawa, tumezoea. Lakini hata kifo! Hata kifo chetu wanakishikilia kule juu, ndani ya kibanda, chini ya kufuli.

Basi mwaka huu barua ilipofika niliichukua mimi. Mama hakuuliza kitu. Alikwenda chumbani akarudi na ngata ya baba, ile ya akiba, iliyosokotwa kwa kitambaa cha nguo yake ya harusi. Akaniwekea kichwani akaibonyeza, kama anapima. Ikakaa.

"Usirudi na pole zao," alisema. "Rudi na kifo chake."

Ukutani mwa ofisi ya lango kuna saa. Inaonyesha saa nane mchana. Ilionyesha saa nane mchana nilipokuwa na miaka kumi na miwili, na walinzi huapa kwamba haijaharibika. Saa nane ndiyo saa ya bonde, jua limewekwa pale kama karani kwenye kiti chake, halipandi wala halishuki mpaka kazi iishe. Na kazi haiishi.

"Jina?" akauliza karani. Hakuwa yule wa zamani. Au alikuwa yeye.

"Anaeli."

"Umechelewa."

"Miaka kumi na mmoja."

"Sikukuuliza kiasi gani, nimesema umechelewa." Akanisukumia karatasi. "Utabeba sabuni na mataulo ya wageni. Kitu kikipotea njiani, tunaandika kitu hicho pamoja na jina la aliyekibeba. Weka kidole hapa."

"Na mtu akipotea?"

Sasa akainua kichwa. Alinitazama usoni, mimi kijana ambaye ndevu zangu ndiyo kwanza zinaota, akaona mpagazi wa makamo anayemjua vizuri.

"Mtu hapotei," alisema. "Mtu huchelewa."

Niliweka kidole. Nilikibonyeza mpaka karatasi ikakunjamana. Kuna hasira ambayo ikikaa sana mwilini hutafuta pa kutokea, kwenye magoti, kwenye vidole, kwenye ukope wa jicho.

Sheria ni wapagazi wawili wawili, hakuna anayekwenda peke yake. Niliyepangwa naye alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, aliyekuwa ameketi juu ya mtungi wa gesi akila kiporo cha ugali kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akifunga kamba za buti. Waliniambia anaitwa Ndekirwa, na kwamba amepanda bonde hili mara nyingi kuliko ukungu. Alitazama ngata yangu kabla hajanitazama mimi. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Mtoto wa nani wewe?"

"Wa mama yangu."

"Ehe! Mdomo huo nao utaubeba, au tuutafutie mpagazi wake?" Akacheka, akajitwika mtungi kama anavaa kofia. "Haya, twende, mdogo wangu. Sabuni isije ikayeyuka kwa jasho lako."

Njia inafuata mto. Ningependa kusema jina la mto huu lakini hauna. Kila aliyelimiliki bonde aliupa jina lake, na kila alipoondolewa walilikwangua kwenye vibao, na sasa vibao vyote ni vyeupe. Mbele kabisa, kule ambako milima miwili inabanana, kinaonekana kibanda, cheupe kama jino. Unakiona tangu langoni. Hapo ndipo ubaya wa njia hii unapoanzia, maana unatembea nusu siku juu ya mawe yaliyovaa utelezi, unapanda mizizi kwa magoti, unazama matopeni hadi kwenye paja, halafu unainua macho na kumbe jino lile liko palepale, umbali uleule. Na juu yetu, sikuzote kwenye kona iliyo mbele, wageni wanacheka. Hatukuwahi kuwaona. Tulikuta tu karatasi zao za peremende zimekanyagwa kwenye tope, na alama za visigino vyao, visigino vipya visivyolika.

Kivuko cha kwanza kina daraja. Vivuko vyote saba vina madaraja, ya mbao nzuri, yenye vishikio vya kamba pande zote mbili. Kwenye mdomo wa kila daraja kuna kijilango, na kijilango kina kufuli, na juu ya kufuli kuna kibao: WAGENI TU.

"Na sisi?" niliuliza.

Ndekirwa alielekeza majini kwa kidevu.

"Mbao hizi nani alizileta?"

"Wapagazi. Nami nilibeba nne." Alitema mate. "Wanasema mizigo yetu inachosha daraja."

Nililishika kufuli nikalitikisa mpaka ndege wakaruka. Ndekirwa alinisubiri, mkono kiunoni, mtungi kichwani, kama mama anayesubiri mtoto amalize kulia dukani. Kisha akanieleza desturi ya wapagazi, ambayo haijaandikwa popote. Wa mbele anaingia majini. Akifika katikati, pale penye kina na nguvu, anaita jina lake kwa sauti yote aliyo nayo. Wa nyuma, akiwa bado ukingoni, anajibu: nimekusikia. Akishajibiwa, amehesabika kuwa amevuka. Wakifika kibandani wa nyuma ndiye shahidi, na neno lake ndilo linaloingia kitabuni. Lisipoitwa jina, wa nyuma hajibu, na kimya hicho ndicho taarifa.

"Kwa nini katikati? Kwa nini asiite akishafika ng'ambo?"

"Ng'ambo kila mtu ana jina, mdogo wangu. Katikati ndipo utajua kama lako ni lako."

Niliingia. Maji yale yalinishika miguu kama watu wanaonidai kitu. Katikati yalifika mbavuni, nikafungua kinywa, na jina lililotoka, sikulipanga, liliruka lenyewe kama chura, lilikuwa Anaeli.

Halafu nyuma yangu: "Nimekusikia... Anaeli."

Alipovuka naye, akikamua gauni lake, hakuniita tena mdogo wangu. "Hiyo ndiyo sheria," alisema, hanitazami. "Jina uliloingia nalo mtoni ndilo lako mpaka utoke bondeni. Umelichagua mwenyewe. Haya, kaka Anaeli, tangulia."

Kivuko cha pili maji yalinuka moshi. Cha tatu yalikuwa ya moto kama ya kukandia. Hapo nilisimama katikati, na baada ya kuita jina la baba sikuondoka, nikaukaripia mto kwa ubeti nilioutunga nikipanda:

Mto huna hata jina, waitwa kwa la bwanako,
Babangu hukumuona? Alipita njia yako,
Ulimla ukanena, hakuna hasara kwako,
Nami nitanena tena, jina litoke tumboni.

"Nimekusikia!" Ndekirwa alipaza sauti. "Na ubeti nimeusikia! Sasa toka, mashairi hayapunguzi maji!"

Nilitoka nikiwa nimefura. Ninajua hayapunguzi. Nani alisema yanapunguza? Ninaandika kwa sababu nikinyamaza nitauma mtu.

Baada ya kivuko cha nne niliona nyayo mbele yangu, mbichi, zinachuruzika maji, za mtu aliyepita sasa hivi. Niliweka mguu wangu ndani ya mmoja ukaenea. Baada ya cha tano nilitazama mikono yangu kwenye kamba za mzigo, nikaona kwenye kidole gumba cha kushoto lile kovu la panga ambalo baba alilipata akichonga mpini wa jembe. Sikushangaa. Miaka kumi na mmoja wameniandikia barua kwa jina lake. Mwili nao husoma barua. Mgongo uliuma mahali ambapo mgongo wangu hauna sababu ya kuuma. Nilianza kuwa na wasiwasi juu ya mtoto mmoja wa kiume niliyemwacha nyumbani, mkaidi, anayechezea makaa na kuchora herufi ukutani. Nani anamtazama mtoto yule? Nimemwachia nani?

Mimi ni nani, ninayemwazia mimi?

Kisha tukafika kivuko cha sita, na Ndekirwa akaacha kufanya mzaha.

Pale mto umebanwa na miamba miwili. Hatua kumi kutoka kwenye daraja, upande wa chini, maji yanaingia chini ya jiwe kubwa kama yanayomezwa, na hakuna aliyewahi kuona yanatokea wapi. Hatua kumi. Nilizihesabu kutoka kwenye kufuli.

Niliingia. Maji yalifika kifuani. Nikaita: "Anaeli!"

Nyuma yangu, kimya.

Niliita tena. Mawe ya chini yalianza kuhama, jiwe moja, jiwe jingine, kama watu wanaosogea kwenye benchi ili kumpisha aliyechelewa. Ghafla kukawa giza machoni na kitu kizito kikanikaa kichwani, cha bati, kimenifunika hadi mabegani. Niliweza kuona miguu yangu tu na duara la maji. Niliita jina kwa mara ya tatu, likanirudia ndani ya bati, likinipiga masikio yangu mwenyewe, kubwa, la kuchekesha, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Nilijua niko wapi. Nilijua ni siku gani. Nilijua kwamba mwanangu ana miaka kumi na miwili.

"Nimekusikia!" Ndekirwa alilia. "Nimekusikia, toka, toka jamani!"

Giza likaondoka. Nilijitupa ng'ambo na sabuni zao na mataulo yao. Yeye alivuka akaketi juu ya jiwe, mtungi wa gesi miguuni, meno yanagongana.

"Nilikuwa wa nyuma siku ile," alisema.

Niliutua mzigo.

"Walitaka hodhi la kuogea kule juu. La bati, refu, kama jeneza lisilo na kifuniko. Aliligeuza akalivaa kichwani, hakuna namna nyingine ya kulibeba. Mvua ilikuwa inanipiga. Vidole vyangu sivijui viko wapi. Akaingia, akaanza kuita, na sauti ndani ya lile hodhi ilikuwa..." Alifunika uso. "Nilicheka, kaka Anaeli. Ilikuwa kama beberu kwenye kisima. Nikacheka, na kwa ile baridi nikajibu kabla hajamaliza. Jina lilikuwa bado liko nusu. Nikasema nimekusikia, nikainama kufunga buti langu ili nami niingie upesi, na nilipoinua kichwa hodhi lilikuwa limenasa katikati ya mawe mawili. Hodhi peke yake."

"Na kule juu ukasemaje?"

"Nilishajibu! Aliyejibiwa amevuka. Mlinzi wa kibanda aliniuliza jambo moja tu, ulijibu? Nikasema nilijibu. Akaandika."

"Ulilivuta hodhi mpaka juu."

"Nililivuta."

"Ukaliacha jina lake majini, ukavuta hodhi."

"Ndiyo."

Nilinyanyua jiwe. Nasema ukweli, nililinyanyua, lilikuwa la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, na Ndekirwa aliliona na hakuinua mkono kujikinga. Alikaa tu ameinamisha shingo, na shingoni niliona alama ya kamba, kovu la mviringo la miaka yote ile, kama pete. Niligeuka nikalitupa lile jiwe kwenye kufuli la daraja. Likagonga, likaanguka. Kufuli halikuwa na hata mchubuko.

Huo ndio ujanja wao. Wanapanga mambo hivi kwamba anayeshika jiwe awe karibu na shingo ya mwenzake kuliko shingo yao. Tunauana kwa majibu ya haraka na vidole vilivyokufa kwa baridi, na wao wanacheka kwenye kona ya mbele, na mikononi hawana damu, wana peremende.

"Tangulia," nilimwambia.

"Siwezi. Wa nyuma ni mimi."

Kivuko cha saba sikumbuki. Ninakumbuka tu kwamba jino liligeuka kuwa nyumba.

Mlinzi wa kibanda alitupokea mlangoni kwa chai. Nilikuwa nimemwandaa kichwani mwangu kwa miaka kumi na mmoja, nimempa pembe, na kumbe ni mtu mpole mwenye sweta lililotoboka kiwiko, Bwana Zebedayo, aliyekuwa mpagazi kabla magoti hayajamwisha. Alikuwa na lile kovu la pete shingoni. Mmoja wetu! Hilo lilinichoma kuliko pembe. Funguo za madaraja saba zilining'inia kiunoni mwake zikilia kila alipopumua.

"Anaeli," alisema kwa furaha ya kweli. "Bwana, umechelewa wewe! Karibu, kaa, nyoosha miguu. Wageni wamelala, usiongee kwa sauti."

"Nimekuja kwa ajili ya kitabu."

"Kila mtu huja kwa ajili ya kitabu."

Kilikuwa mezani, kikubwa, jalada limeliwa na kombamwiko pembeni. Alikifungua mwenyewe. Sikulazimika kumwonyesha ukurasa. Mvua. Hodhi limefika. Hakuna hasara. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani na anaheshimu kila herufi. Kama mimi.

"Futa," nilisema.

"Hakifutwi, ndugu yangu. Kikifutwa mstari mmoja, mingine yote itauliza kwa nini si yenyewe."

"Basi ongeza. Andika: Anaeli alikufa."

Alinitazama kwa huruma, akanijazia kikombe. "Nitaandikaje kwamba umekufa nawe unakunywa chai yangu? Safu zipo mbili. Waliofika na vitu vilivyopotea. Watu hawana safu ya kupotea. Sikuitengeneza mimi."

"Nani aliitengeneza?"

"Nilipokuja niliikuta."

Hiyo ndiyo sauti ya utawala, nami nilikuwa nimetembea bonde zima nikitarajia ngurumo. Ni mzee mwenye sweta anayesema nilipokuja niliikuta. Nilitaka kuipindua meza. Nilisimama nayo ikasogea, chai ikamwagika, Ndekirwa aliyekuwa mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Kaka," na wakati huo nikaliona.

Lilikuwa nje, chini ya mchirizi wa paa, lina maji kidogo ya mvua na majani mawili matatu. Refu, la bati, kama jeneza lisilo na kifuniko. Limesuguliwa linang'aa.

"Wageni huogea humo mara ngapi?" niliuliza.

"Hakuna aliyewahi." Bwana Zebedayo alicheka kidogo, kwa aibu. "Kuni hazitoshi kuchemsha maji yote hayo. Lakini mimi nalisugua kila siku. Mali ya bonde hiyo. Tatizo ni kwamba lina tundu huku chini, tangu lilipoburutwa kwenye mawe, linavuja. Kila mwaka naandika kwamba literemshwe likazibwe, na kila mwaka wapagazi wanakataa. Hawataki kupita nalo kivuko cha sita. Mambo ya ushirikina."

Hakuna aliyewahi. Hata kisigino kimoja. Hata mtoto wa mgeni kwa kucheza. Nilidhani hasira ina kimo, kwamba mtu akifika kileleni huishiwa. Kumbe nyuma ya kilima kile kulikuwa na kingine, na kule juu hewa ilikuwa safi kabisa na nikaona mbali. Niliona safu ya pili ya kitabu, safu ya vitu, tupu, inasubiri. Nilimsikia karani wa lango: kitu hicho pamoja na jina la aliyekibeba.

"Nitaliteremsha mimi," nilisema.

Mzee alikaribia kunikumbatia. Alichovya kalamu, akaandika huku akisoma kwa sauti, akilamba mdomo: "Hodhi limeteremshwa kwa matengenezo. Amelibeba Anaeli." Akapuliza wino ukauke. Jina la baba yangu lilikaa pale, limelowa, linang'aa, mara ya kwanza kando ya hodhi lake. Niligeuka ili wasinione uso.

Nilikaza ngata, nikamwaga maji yaliyokuwamo hodhini, nikaligeuza, nikalivaa. Dunia yote ikawa miguu yangu. Tuliteremka hivyo, kivuko cha saba nikaita na Ndekirwa akajibu, tukafika cha sita. Nilisimama ukingoni. Sikumwona, nilisikia tu kupumua kwake nje ya bati.

"Dada," nilimwambia, na sauti yangu ilitoka kubwa, ya kuchekesha, ya pipa. Hakucheka. "Safari hii ukinijibu nitakulaani mpaka wajukuu."

Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza: "Nisipojibu, nitarudi juu nikamwambie sikusikia kitu. Atauliza hodhi liko wapi."

"Utamwambia."

"Ataandika hasara." Pumzi yake ilikatika. "Na jina liko pale pale, kando ya hasara. Ameliandika mwenyewe."

"Kwa mwandiko mzuri."

"Wanaweza kunifukuza kazi, unajua? Shahidi aliyepoteza mali."

"Najua."

"Haya," alisema. "Ingia, kaka Anaeli. Safari hii nitasikiliza mpaka mwisho."

Niliingia. Katikati, penye maji ya kifuani, niliita jina la baba yangu ndani ya hodhi lake. Niliita lote, taratibu, silabi kwa silabi, nikamalizia, na likanipiga masikio na likaisha. Ukingoni hapakutoka sauti. Nilisubiri. Kimya kile kilikuwa kikubwa kuliko mto. Kilikuwa na miaka kumi na mmoja ndani yake na kanga moja nyeusi. Halafu nikainama, nikatoa kichwa, nikaliachia.

Hodhi lilizunguka mara moja, kama linatafuta mtu. Maji yaliingia kwenye tundu. Likagonga mwamba, likatoa mlio mmoja mrefu wa kengele, na lile jiwe kubwa likalimeza zima, hatua kumi kutoka kwenye kufuli.

Ngata ilikuwa bado kichwani. Niliishika, nikasimama wima, nikageukia ukingo nilikotoka, na kwa mara ya kwanza ndani ya bonde lile niliita jina ambalo mama alinipa.

"Tumsifu!"

Ndekirwa hakuwa amewahi kulisikia. Alisubiri mpaka likaisha kabisa, mpaka hata miamba ikamaliza kulirudia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nimekusikia, Tumsifu!" alipaza sauti. "Toka majini, mdogo wangu! Nenda kwa mama!"

Akageuka, akaanza kupanda kwenda kutoa taarifa. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sikuwa nimemsamehe. Nilivuka. Juu ya bonde, kwa mara ya kwanza, jua lilikuwa limesogea kidogo, kama karani anayehamisha kiti. Nilianza kuteremka upesi. Kulikuwa na uwanja wa kufagia, majirani wa kugongewa milango mmoja mmoja, na kanga ya kutolewa sandukuni. Na madaraja matano yaliyobaki nilikagua kufuli zake zote, moja baada ya nyingine, nikapima unene wa vyuma vyake kwa vidole, maana huzuni nilikuwa naipeleka nyumbani, lakini hasira nilijua nitarudi nayo.